Siku Ambazo Sikuziandika

Wambura alinipigia simu Jumanne asubuhi, niko kibarazani kwangu hapa Manyamanyama napepeta mchele, akaniambia mama yake ametutoka. Hakulia. Alisema, "Mwalimu, mama amepumzika alfajiri," nami nikabaki na ungo mapajani huku kuku wakila mchele niliokuwa nimeumwaga bila kujua. Tukaongea ya mazishi, kwamba ni Alhamisi, nyumbani kule Butiama, na padri ameshaambiwa. Kabla hajakata akasema familia imekubaliana mimi ndiye nisome wasifu wa marehemu, kwa sababu nimezoea kusimama mbele ya watu na mama alikuwa ananipenda. Nikasema sawa. Mchana akanitumia picha ya karatasi kwenye simu. Nilisoma vizuri tu, kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, mpaka nilipofika mstari wa tisa: "Aliishi Musoma kwa muda akijishughulisha na dagaa, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake." Nikavua miwani. Wambura siku zile alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hajui kitu, na ni wazi mama yake hakumwambia. Tuliobaki tukijua kwamba hiari haikuwepo ni mimi na shangazi yangu Rebeka, kwa maana wale wengine wameshazikwa. Na mimi ndiye niliyetakiwa kusimama mbele ya jeneza niusome mstari ule kwa sauti.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka mazuri, nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, na najiona msomi kuliko watu wote wa ukanda ule wa ziwa. Walinipeleka kwa shangazi, Kigera, pale Musoma, nimsaidie kuanika dagaa badala ya kukaa nyumbani nikijitazama kwenye kioo. Nyumba ya shangazi haikuwa na dari. Kuta ziliishia kabla ya kufika bati, ukikohoa chumbani aliye sebuleni anakwambia pole. Sebule ilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, vyeupe, na ole wako ukikalia kitambaa. Kulikuwa na redio ambayo betri zake tulizianika juani pamoja na dagaa ili zipate nguvu, na meza ambayo mguu mmoja uliwekewa kigae. Mpaka leo nikisikia harufu ya ugali wa mtama na muhogo ukisongwa naiona ile meza, namwona shangazi akikata tonge la kwanza na kulitazama kabla ya kula, kana kwamba anataka kulisahihisha. Hakuna chumba nilichowahi kukipenda kama kile, na nimelala kwenye nyumba nzuri zaidi ya hiyo mara nyingi tu.

Uani kulikuwa na chumba kimoja, na ndani yake alipanga Mama Wambura. Alikuwa Mzanaki wa Butiama, mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kinachoanza kabla hujamaliza kusema jambo la kuchekesha. Alikuja mjini na mtoto mgongoni kuanika dagaa kama sisi, na baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kwamba ni mpangaji. Alikula kwetu. Akitoka kwao alileta unga wa muhogo na michembe, yale makopa ya viazi vitamu, tukayapika na karanga, na shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kusifia, alikuwa anasema, "Leo nyumba imekula." Mama Wambura alikuwa na tabia ya kuuliza. Shangazi akisema fulani amepata mimba kwa sababu anapitapita bandarini, yeye anauliza, "Wasiopitapita hawapatagi?" Shangazi anamwambia, "Wewe mwanamke kula." Tunacheka. Nilidhani ni utani tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, zinafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu hazifuati taa, mitumbwi inapumzika, mwalo, ule ufuko inapotia nanga, unabaki mtupu. Kwa hiyo wiki za giza tulikuwa mwaloni kila siku tokea asubuhi, tunatandaza dagaa kwenye mchanga, tunazigeuza, tunafukuza ndege, na wiki ya mbalamwezi kila mtu anafanya yake. Mama Wambura katika wiki hiyo alikuwa anakwenda Butiama kulima. Adui yetu alikuwa mmoja, mvua. Dagaa zikinyeshewa kabla hazijakauka zinabadilika rangi, zinanuka, zinaishia kuwa chakula cha kuku. Wenye mitumbwi walikuwa hawaamini kwamba dagaa zimeharibika mpaka waone ushahidi, hivyo shangazi akanipa daftari la shule akasema, "Yunisi, andika kila siku iliyoharibika, na majina ya waliokuwepo, washuhudie." Nikamuuliza na siku nzuri niandike? Akanitazama. "Siku nzuri za nini? Siku nzuri haina neno." Nikaona ni kweli kabisa. Nikachora mistari kwa rula, tarehe huku, majina kule, mwandiko wa kidato cha nne.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Inaanza asubuhi jua linawaka, saa sita wingu linapanda kutoka ziwani, tunakimbia na maturubai, tunachelewa. Siku moja, mbili, tano. Jioni moja nimekaa chumbani nashona gauni, nikasikia juu ya ukuta sauti ya Mama Magesa, jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa mwaloni. "Rebeka," anasema, "mimi sitaki dhambi. Lakini huyu mtu wako wa uani, umewahi kumtazama?" Shangazi akauliza kumtazama vipi. "Kwao wanajuaga mambo ya mvua." Jambo hilo Mara nzima inalijua, kwamba zamani kuna koo za Wazanaki zilizokuwa na watu wa kuombea mvua, na watu walitoka mbali kwenda kuwasihi. Hao waliheshimiwa. Lakini kilichokuwa heshima shambani kilikuwa kinageuka kosa mwaloni, maana mkulima anaitaka mvua na mwanika dagaa haitaki. "Na mtoto amemwita nani?" Mama Magesa akaendelea. "Wambura. Mtoto wa mvua. Anajitangaza mwenyewe." Nilitaka kucheka. Wambura wamejaa mkoa mzima, kila anayezaliwa siku ya mvua anaitwa hivyo, mzee wa kanisa letu alikuwa Wambura na hakuwahi kulowanisha mtu. Lakini shangazi hakucheka. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, halafu akasema taratibu, "Yunisi ana daftari."

Kesho yake, mvua ilipotuharibia tena, wanawake walikusanyika pale pale kwenye mchanga uliolowa. Mama Magesa aliongea vizuri sana, hilo lazima niseme. Alisema hatutaki kumwonea mtu, hatutaki maneno ya mtaani, tunaye hapa binti msomi na ana maandishi, asome, na kila mtu asikie. "Soma siku, halafu utuambie kama Mama Wambura alikuwepo." Nikafungua. Siku ya kwanza? Yupo. Ya pili? Yupo. Watu wakaanza kuitikia pamoja nami kama tuko kanisani. Siku kumi na moja, na zote kumi na moja yupo. Sikusema uongo hata mstari mmoja. Ninachokumbuka kwa aibu ni kwamba nilifurahi. Wanawake wazima, walionifundisha kushika kisu cha kupara samaki, wamenyamaza wananisikiliza mimi, na sauti yangu inatoka vizuri. Mama Wambura alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, miguu imejaa mchanga. Akaniuliza mimi, si wao: "Yunisi, daftari lako lina siku ngapi?" Nikasema kumi na moja. "Na mimi nimeanika hapa siku ngapi?" Sikuwa najua. "Hizo nyingine nilikuwa nafanya nini?" Mama Magesa akamjibu kwa niaba yangu, "Ulikuwa unapumzika," watu wakaangua kicheko, na shauri likaishia hapo.

Hawakumpiga, sitaki mtu aelewe vibaya. Walimwambia tu asikanyage mwalo ule tena, na hakukuwa na mwalo mwingine ambao habari isingemtangulia. Jioni nikamsikia akifunga vitu vyake uani. Shangazi alikuwa jikoni anapika sato, na alimpika kwa nazi, kitu tulichokuwa tunakifanya sikukuu tu. Alipakua sahani tatu. Mama Wambura alipita mlangoni na furushi kichwani, akasema, "Haya, Rebeka, asante kwa kunikaribisha," akaenda. Shangazi akaitazama sahani ya tatu, akaifunika na nyingine. Hakuna aliyeigusa mpaka asubuhi, na asubuhi akanituma nikampe mbwa wa jirani.

Wiki iliyofuata likawaka jua siku tatu. "Mnaona," wakasema mwaloni, "ameondoka, jua hilo." Siku ya nne ikanyesha ya mawe. "Mnaona, ana hasira, anaituma kutoka kwao." Mimi nilikuwa nimeinama nageuza dagaa, nikasimama wima. Akiwepo ikinyesha ni yeye. Asipokuwepo isiponyesha ni yeye. Asipokuwepo ikinyesha ni yeye. Nikajiuliza sasa yule mama afanye nini ili isiwe yeye, na sikuona kitu chochote duniani ambacho angeweza kufanya. Niseme ukweli, nililirudisha wazo lile chini haraka, maana lilikuwa linakuja na jina langu.

Lililonimaliza ni chakula cha mchana. Mbalamwezi imefika, hakuna kazi, tuko sebuleni mimi na shangazi tunakula samaki aina ya furu wa kukaanga, na mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti. Shangazi anakula kwa utulivu kabisa. Nikamwambia mvua kubwa. Akasema, "Hii haina neno, hakuna dagaa nje." Nikatazama bati. Ni mara ngapi ilikuwa imenyesha hivi hivi, wiki za mbalamwezi, Mama Wambura yuko Butiama na jembe lake, na hakuna aliyeihesabu kwa sababu mchangani hakukuwa na kitu cha kuharibika? Mvua tuliyokuwa tunaiona ni ile inayotuumiza tu. Na inatuumiza wiki za giza, na wiki za giza yuko mwaloni, kwa sababu ndiyo kazi yake, kama ilivyo kazi yetu. Niliacha chakula nikaenda chumbani nikalifungua daftari. Majina yote yalikuwepo, niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Mama Magesa alikosa siku nne, alikuwa anaumwa mguu. Wengine walikosa mbili, tatu, kliniki, misiba. Waliokuwepo siku zote kumi na moja bila kukosa, ukiniacha mimi mwandishi, walikuwa wawili, Mama Wambura na Rebeka, kwa sababu hao wawili ndio walikuwa wachapakazi kuliko wote. Ushahidi uliomfukuza mmoja ulikuwa unamtosha na mwingine. Hakuna aliyeniuliza jina la pili, nami sikulitaja.

Nililipeleka daftari sebuleni, nikamsomea shangazi siku moja moja kama nilivyosoma mwaloni, ila nikabadilisha swali. Rebeka alikuwepo? Yupo. Rebeka? Yupo. Nilipofika ya sita akaniambia, "Unataka kusema mimi ndiye ninayeleta mvua." Nikasema hapana shangazi, nataka kusema hakuna anayeileta. Mvua ikapungua mpaka tukaanza kusikia mifereji ya paa la jirani ikimwaga maji. Nilitegemea atanipiga au atalia. Alisema, "Kula chakula chako kinapoa." Nikabeba daftari nikaenda kwa Mama Magesa, nikamsomea na yeye, na wenzake watatu waliokuwepo, nikawaeleza habari ya mbalamwezi kwa jasho. Walinisikiliza kwa upole. Nilipotoka tu mlangoni nikamsikia mmoja akisema, "Huyu mtoto ameshalishwa kitu." Nikarudi nyumbani nikaanza ukurasa mpya, nikawa naandika siku zote, nzuri na mbaya, zenye dagaa na zisizo na dagaa. Niliandika hivyo mpaka nilipoondoka kwenda shule, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimsomee.

Masika yakaisha, kama yanavyoishaga. Asubuhi moja, jua kali, shangazi anasuka mkeka, akasema bila kuinua uso, "Nenda Butiama. Mwambie sehemu yake ya mchanga ipo. Chumba pia kipo." Nikaenda nimejaa furaha, nadhani nimeshinda. Nilimkuta Mama Wambura anapalilia muhogo, akanikumbatia, akanipeleka ndani akanipa uji wa ulezi kwenye bakuli la bati. Chumba chake kilikuwa kidogo, kimesuguliwa sakafu, na ukutani ametundika lile turubai alilokuwa akifunikia dagaa, limekunjwa safi. Nikamwambia wamesema urudi. Akauliza, "Wanataka nirudi kwa sababu wamejua sikufanya, au kwa sababu mvua imekatika?" Uji ulikuwa wa moto na nilijifanya naupuliza. Ningeweza kumdanganya, na alikuwa anahitaji ile kazi, nilijua kwamba muhogo ule haukuwa unawatosha yeye na mtoto. Nikamwambia, "Kwa sababu mvua imekatika." Akacheka kile kicheko chake, lakini kifupi. "Basi vuli ikija nitafukuzwa tena." Nikaanza kulia, nikamwambia ni mimi, nilisoma mimi. Akasema, "Wewe hukusema uongo, Yunisi. Ndiyo maana waliamini." Hakulisema kwa ukali, wala kwa kunifariji. Alilisema tu, akaniongezea uji.

Hakurudi. Baadaye alifungua kibanda cha chakula Kiabakari, barabarani, na nilipoanza kufundisha Bunda nilikuwa sipiti pale bila kushuka. Miaka mingi nimekula kutoka mkononi mwake, ugali, mlenda, samaki wa kukausha, tukiongea kila kitu isipokuwa hicho. Darasani nimewafundisha watoto wengi, na sijui wangapi wanakumbuka hesabu niliyowapa, lakini wote wanakumbuka nikiwauliza, "Na siku nzuri mliandika?" Walikuwa wanaigiza sauti yangu wakidhani siwasikii. Shangazi alizeeka Kigera. Kila nikienda ananiuliza, "Yule wa Kiabakari hajambo?" Namwambia hajambo. Anasema, "Haya." Miaka yote neno lake lilikuwa hilo.

Alhamisi nilifika Butiama viatu vimejaa tope. Shangazi alikuwa ameletwa na mjukuu wake kutoka Musoma, amevaa kitenge cheusi, amekaa mstari wa mbele na fimbo yake, na sikujua kama angekuja. Jeneza lilipotolewa nje manyunyu yakaanza. Mwanamke nyuma yangu akasema kwa upendo kabisa, "Mnaona, ameondoka na mvua yake." Na mimi, mwalimu mstaafu, mimi niliyekula uji ule, moyo wangu ukaitikia, ni kweli. Ukaitikia kabla sijauzuia. Nikatazama chini nikaona viatu vyangu. Lile tope lilikuwa la jana na la juzi, barabara nzima ilikuwa imelowa, na Jumanne yenyewe nilikuwa nimeanua mchele mara mbili kwa sababu ya mvua. Nikafuta miwani, nikasimama, nikasoma. Nilipofika mstari wa tisa nikasimama pale.

"Wambura mwanangu, nisamehe," nikasema. "Hapa umeandika kwa hiari yake. Haikuwa hiari. Mama yako alifukuzwa mwaloni kwa kusingiziwa mvua, na aliyesoma ushahidi ni mimi. Ulikuwa mgongoni kwake." Nikashusha karatasi. Chini ya turubai nikasikia fimbo ikigonga ardhi. Shangazi alikuwa anainuka. Mjukuu alitaka kumkalisha, akamsukuma mkono.

"Yunisi, usijibebeshe peke yako," akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia uandike siku mbaya tu." Kisha akaligeukia jeneza, na sauti yake ikawa ile ya sebuleni, ya kupazwa ili ishinde mvua. "Mama Wambura, ulikuwa unakula kwangu. Ulikuwa mwezi wa nne. Mwezi wa nne inanyeshaga. Tulikuwa tunajua."